Sinia ya mgeni si lazima ipitie motoni

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi huko bara ya Kilifi, niliandamana na mwalimu mwenzangu kwenda kumjulia hali mwanafunzi aliyekuwa hajafika darasani kwa siku tatu. Tulimkuta mama yake uani akipepeta mahindi. Alituondolea ungo, akatutandikia mkeka, akasema, "Karibuni, walimu. Ketini hapa kivulini." Kabla hatujatulia vyema alimwita kando mwanawe mkubwa, akamnong'oneza jambo, na kijana akatoka mbio. Aliporejea alikuwa na soda mbili na pakiti ya biskuti, vitu alivyovikopa dukani.

Kivuli tulichokalia kilikuwa cha mwembe. Maembe aina ya ngowe yalikuwa yameiva hata yanaanguka yenyewe, na moja lilimgonga mwenzangu begani tukiwa katika mazungumzo. Nyuma ya nyumba palikuwa na minazi minne, na kando ya mlango rundo la nazi lililokuwa likimsubiri mchuuzi. Sisi tulikunywa soda hizo, vuguvugu, na tukashukuru. Wiki mbili baadaye yule mwanafunzi, bila kukusudia kutuaibisha, alituambia kwamba lile deni la dukani lililipwa kwa kuku, na kuku mwenyewe alikuwa ameanza kutaga.

Simlaumu mama yule hata kidogo. Alitenda kama alivyofunzwa, na waliomfunza ni sisi. Itazameni shule yoyote katika siku ya wazazi. Meza kuu hutandikwa kitambaa cheupe, juu yake hupangwa maji ya chupa, soda, biskuti za kununua na maua ya plastiki. Mzazi akaaye kwenye viti vya nyuma hutazama meza hiyo kwa saa nne, na anaporudi nyumbani amepata somo ambalo halimo katika ratiba: kwamba mgeni wa heshima hupewa kitu kilichotoka kiwandani, na kwamba kile kiotacho uani ni cha watoto na mbuzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi, katika nyumba nyingi, mgeni huja na mwenyeji akabaki na deni.

Nataka leo kuitetea sinia ya vitu visivyopikwa: matunda, mboga mbichi, nazi, tende, njugu na korosho, vikakatwa kwa ustadi, vikapangwa kwa rangi, vikaletwa mbele ya mgeni vikiwa vimefunikwa kawa. Najua wapo watakaocheka kwamba hilo si jambo la kujadiliwa katika safu ya maoni. Lakini suala la nani anaweza kumkaribisha mwalimu nyumbani kwake bila kukopa si dogo. Mzazi anayeona haya kupokea wageni huishia kuikwepa shule yenyewe, na mtoto wake ndiye alipaye.

Isitoshe, desturi hii si ngeni kwetu. Katika miji ya Waswahili, tangu Lamu hadi Vanga, mgeni aliyebisha hodi aliletewa tambuu. Katika sinia ndogo ya shaba yalipangwa majani mabichi ya mtambuu yaliyopanguswa vizuri, popoo zilizokatwa vipande vyembamba, katu, chokaa ndani ya kijaluba, na pengine iliki au karafuu. Hakuna chungu kilichoinjikwa mekoni, wala mgeni hakudhani amedharauliwa kwa kuwa hakunusa moshi. Heshima ilikuwa katika mpangilio, katika usafi wa majani, na katika kule mwenyeji kuketi naye. Ng'ambo ya bahari, huko Omani na kwa majirani zake wa Ghuba, mgeni mpaka leo huletewa sinia ya tende na matunda pamoja na kahawa, nao huiita fuala.

Sisemi turudie tambuu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilieleza katika chapisho lake la mwaka 2004 kwamba popoo yenyewe, hata isipochanganywa na tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Tulichorithi na kinachofaa kuhifadhiwa ni sinia, kawa na adabu yake. Vilivyomo vinaweza kubadilika.

Basi hupangwaje? Nitaeleza kama nilivyojifunza, tena kwa makosa mengi. Kwa wageni kumi au kumi na wawili chukua sinia pana, yenye kipenyo cha kama sentimita 50. Itandike jani la mgomba lililooshwa na kukaushwa, uti wake wa kati ukiwa umetolewa ili lilale vizuri. Rangi ya kijani kibichi iliyoiva ya jani hilo hufanya kila kitu kiwekwacho juu yake kionekane maradufu, na hakuna kitambaa cha dukani kiwezacho kushindana nayo. Katikati weka kifuu cha nazi kilichoparwa hadi kikang'aa, ndani yake chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga. Hicho ndicho kitovu cha sinia. Vitu vingine vyote vitatoka hapo kama miali ya jua: vijiti vya karoti, vya tango, vya embe bichi. Papai na karoti zisikae jirani, kwa kuwa rangi zao hufanana na kumezana. Mtie tango baina yao kama mpatanishi.

Nazi nzuri ni ile ambayo ukiitikisa unayasikia maji, na macho yake hayana ukungu. Ivunje, itoe nyama yake kwa ncha ya kisu kisicho na makali mno, menya ile ngozi ya kahawia, kisha ikate vipande vyembamba kama vya kucha ya mwezi mchanga na uvitie katika maji safi mpaka wakati wa kupanga. Vikitolewa humeta kama pembe ya ndovu. Embe bivu likate mashavu mawili kandokando ya kokwa. Chora kila shavu kwa kisu mistari ya kukingamana bila kutoboa ganda, kisha ulibinue kwa vidole gumba. Nyama hujitokeza mfano wa gamba la kobe, na watoto hawachoki kulitazama jambo hilo. Tende zipasue upande mmoja, zitoe kokwa, na mahali pa kila kokwa utie korosho moja. Hilo ni pambo na ni chakula, tena ni utani, maana mgeni hudhani atauma kokwa.

Nanasi linastahili maneno zaidi. Wengi wetu hulimenya kwa kukata ganda nene ili kuyamaliza macho yote, na hivyo kutupa theluthi ya utamu. Fundi hulimenya ganda jembamba, kisha huyafuata macho kwa mifereji ya mshazari inayozunguka tunda kutoka juu hadi chini. Macho hutoka, nyama husalia, na tunda lenyewe hubaki limechongwa kama nguzo ya nakshi. Mwalimu wa hisabati na awaambie wanafunzi wahesabu mistari hiyo: upande mmoja mara nyingi watapata 8, na upande wa pili 13. Namba hizo mbili hufuatana katika ule mfululizo ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Sijaona kifaa cha kufundishia kilicho rahisi kuliko hicho, wala kinachoweza kuliwa mwisho wa kipindi.

Vitu vikavu viwe na makazi yao. Karanga na korosho zikigusana na nanasi hulowa na kupoteza ukakamavu wake, kwa hiyo zitie katika vifuu vidogo au juu ya kipande chao cha jani. Niungame hapa kwamba sinia hii si ya kukwepa moto kabisa. Korosho haibanguliwi mbichi nyumbani, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayochoma ngozi. Hununuliwa ikiwa imekwisha kukaangwa, na karanga vivyo hivyo. Moto umekwisha kufanya kazi yake mahali pengine. Ninachosema ni kwamba mwenyeji hahitaji kuwasha makaa yake, na kwa bei ya makaa ya leo hilo si haba.

Ndizi kisukari ziache na maganda yake, chana zima liwekwe ukingoni. Ukizikata mapema zitageuka nyeusi. Papai, nanasi na parachichi vinyunyizie maji ya ndimu, hasa parachichi, kwani asidi ya ndimu huzuia ule mgeuko wa rangi utokeao nyama ya tunda ikutanapo na hewa. Tango lisitiwe chumvi kabla ya mgeni kuketi. Chumvi huyavuta maji kutoka ndani ya tango, na baada ya nusu saa jani lako la mgomba litakuwa kidimbwi. Wageni wasichovye vidole sinianii. Chonga vijiti kutokana na njukuti za makuti, uvioshe kwa maji ya moto na kuvianika juani, kisha uvichomeke katika kipande cha nanasi kama miiba ya nungunungu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni zito kuliko urembo. Chakula kilichopikwa kina mlinzi, nao ni moto. Sinia yetu haina mlinzi huyo, na kwa hiyo kazi yote ya ulinzi huangukia mikono, maji na kisu. Nchini mwetu hili si suala la nadharia. Mwezi Juni mwaka 2017, watu zaidi ya mia moja walitibiwa baada ya kipindupindu kuzuka miongoni mwa waliohudhuria mkutano katika hoteli moja jijini Nairobi. Hao hawakuwa watu wa vijiji visivyo na mifereji. Walikuwa wageni waheshimiwa, mezani pa heshima.

Kwa hivyo tunda huoshwa kabla ya kukatwa, hata lile ambalo ganda lake halitaliwa. Kisu kinachopita katika ganda chafu la tikiti maji hukokota uchafu huo hadi ndani ya nyama, na hapo hapana tena cha kuusafisha. Maji yawe yaliyotiwa dawa ya klorini au yaliyochemshwa na kupoa. Ubao na kisu visiwe vile vilivyokatia nyama au samaki asubuhi. Anayekata awe amenawa kwa sabuni, na kama tumbo linamwendesha siku hiyo asishike kisu, awe amepewa kazi nyingine bila kuaibishwa. Tunda lililokwisha kukatwa lisikae nje zaidi ya saa mbili. Katika joto la Mombasa la mwezi Februari, ambapo kipimo hupanda kupita nyuzi 32, hesabu saa moja tu. Kawa ya ukindu hufukuza nzi lakini haifukuzi saa. Waalimu wanaopanga meza kuu saa mbili asubuhi kwa ajili ya mgeni atakayefika saa nane mchana wananielewa.

Karanga nazo zina hatari yake. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika nchi hii, wengi wao Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kuvu hao hao hupenda karanga zilizohifadhiwa katika unyevu, na kukaanga hakuondoi sumu yote. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyo chungu itupwe, wala asipewe kuku. Na kuhusu matunda yaliyovundikwa kwa kemikali ya kabaidi, ambayo baadhi ya wachuuzi huitumia ili maembe na ndizi viive kwa haraka, rai yangu ni moja: mwenye mti wake hana haja nayo. Bibi zetu walivundika ndizi kwa majani ndani ya tenga au shimo, na gesi itokayo katika tunda lenyewe ikaivisha wenzake.

Mgeni naye anawishwe. Birika, bakuli, sabuni na taulo safi ni sehemu ya ukarimu wa pwani tangu jadi, na mtoto anayepita kuwanawisha wageni kwa zamu, akianza na aliye mkubwa kwa umri, hufunzwa afya na adabu kwa tendo moja.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliiweka Sayansi Kimu katika mtihani wa darasa la nane. Tulikariri aina za mishono na majina ya vitamini, na wengi wetu hatukupata kumkaribisha mgeni hata mmoja. Mageuzi ya mwanzoni mwa karne hii yaliupunguza mzigo wa masomo na somo hilo likatoka. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kuanzia 2019, umerudisha kazi za mikono kwa kishindo, na wazazi wamelalamika, kwa haki, kwamba kila wiki wanadaiwa karatasi za rangi, gundi na vitu vya kununua. Hapa pana zoezi lisilodai hivyo. Kila mtoto alete kimoja kitokacho kwao. Wa Kilifi ataleta embe au nazi, wa Murang'a parachichi, wa Kisii ndizi, wa Busia karanga, wa Turkana tende. Darasa la hesabu ligawe duara la nyuzi 360 kwa idadi ya wageni. Darasa la Kiswahili lipate fursa ya kutofautisha kitale, dafu, koroma na nazi, maneno ambayo siku hizi mwanafunzi wa Mombasa na wa Molo huyakosa kwa usawa. Wavulana washike visu sawa na wasichana.

Wapo watakaouliza: je, mgeni aliyetembea kilomita kumi atashiba nanasi? Hatashiba. Sinia si badala ya ugali, wala sikusudii kumnyima mtu wali wake. Ikiwa mgeni amekuja na njaa, chungu na kiinjikwe, na sinia imliwaze huku chungu kikitokota. Lakini wageni wengi wa mwalimu na wa mzazi ni wa saa moja, wa shauri moja, na wakikaa zaidi ni kwa sababu mazungumzo yamenoga.

Muhula uliofuata baada ya ziara yetu ile, tulilijaribu jambo hili katika siku ya wazazi. Jaribio la kwanza, tulilolifanya darasani wiki moja kabla, lilikuwa aibu tupu. Ndizi zilikatwa mapema zikawa nyeusi, tango likatiwa chumvi mapema likafurika, na mtoto mmoja akapanga karoti zote upande mmoja kwa hoja kwamba ndizo alizozileta yeye. Siku yenyewe tulifanya vyema zaidi. Masinia manne yaliwekwa, moja meza kuu na matatu katikati ya wazazi, na soda hazikununuliwa. Mwenyekiti wa kamati alinung'unika mpaka alipoonja embe bichi kwa pilipili.

Yule mama alikuwepo, ameketi safu ya tatu. Sinia ilipofunuliwa karibu naye aliyatazama yale mashavu ya embe yaliyobinuliwa, akalichukua moja, akaligeuza huku na huku. Aliyajua maembe hayo, kwani yalitoka kwake. Akaniuliza, "Mwalimu, nani aliyelikata hivi?" Nikamwonyesha mwanawe, aliyekuwa amesimama kando na birika la kunawishia. Alimwita, akamtolea embe jingine zima kutoka kikapuni mwake, akaomba kisu, akasema, "Hebu likate hili, mwanangu, nikuone." Akayaegesha macho yake katika mikono ya mtoto mpaka akamaliza.